Bibi Salme wa Unguja: binti wa Sultani aliyeolewa bila ndugu hata mmoja

Harusi kwetu ni jambo la ukoo. Tangu mshenga anapobisha hodi mpaka bibi harusi anapoondoka kwao, kila mtu ana kazi yake: baba, mama, shangazi, wajomba, majirani wa kamati. Lakini katika vijiji vya Ngara na Biharamulo, na hasa sehemu zenye watu wa kila kabila kama Kasulo na Benaco, nyumba moja inaweza kuwa na Mkatoliki, Muanglikana, Mlokole na Mwislamu. Kijana wa nyumba kama hiyo akitaka kuoa au kuolewa, swali huja mapema: ndoa itafungwa wapi, na ni nani atakayeruhusiwa kuwapo?

Yapo madhehebu ambayo harusi zake hazihudhuriwi na mtu asiye mwumini, hata kama ni mama mzazi. Zipo pia ndoa ambazo wazazi wenyewe hukataa kuzihudhuria kwa sababu ya dini. Kwa vyovyote vile, ndugu hubaki nje.

Makala hii inasimulia maisha ya mwanamke wa hapa kwetu Afrika Mashariki aliyepitia jambo hilo zaidi ya miaka 150 iliyopita. Alikuwa binti wa mfalme. Siku ya ndoa yake hapakuwa na baba, kaka, dada wala shangazi. Jina alilopewa na wazazi ni Salme. Jina alilokufa nalo ni Emily Ruete.

Kuzaliwa Mtoni

Salme binti Said alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika kasri la Mtoni, kando ya bahari, kaskazini kidogo ya mji wa Unguja. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, ambaye alihamishia makao yake Unguja na kuhimiza kilimo cha karafuu visiwani. Mama yake aliitwa Jilfidan. Huyu alikuwa mwanamke wa Kicherkesi, kutoka milima ya Caucasus iliyo mbali sana kaskazini, aliyetekwa akiwa mtoto wakati wa vita na kuuzwa. Aliletwa katika nyumba ya Sultani akawa suria wake.

Sultani alikuwa na masuria wengi, na watoto wao walihesabiwa kuwa watoto halali wenye haki ya kurithi. Kwa hiyo Salme alikuwa na kaka na dada wengi wa baba mmoja na mama mbalimbali. Katika kasri la Mtoni mtoto alisikia Kiarabu, Kiswahili, Kituruki, Kicherkesi na Kihabeshi.

Utajiri ule ulikuwa na upande wake wa giza, na hatuwezi kuuficha. Mashamba ya karafuu yalilimwa na watumwa. Misafara iliyotoka pwani ilipita Tabora, ikafika Ujiji na hata Kafuro huko Karagwe, jirani zetu kabisa, ikitafuta pembe za ndovu na watu. Salme mwenyewe alikuwa na watumwa, na alipokuwa mtu mzima aliandika akiutetea utumwa wa nchi za Kiarabu. Hilo nalo ni sehemu ya maisha yake.

Binti aliyejifunza kuandika kwa siri

Alipokuwa na umri wa miaka saba hivi, Salme na mama yake walihama Mtoni wakaenda kuishi mjini na kaka yake Majid. Majid alimpenda mdogo wake huyu na kumlea karibu. Kwake alijifunza kupanda farasi na kutumia silaha, mambo ambayo wasichana wengi wa kasri hawakufundishwa.

Jambo jingine alijifunza mwenyewe. Wakati ule watoto wa kike wa ukoo wa Sultani walifundishwa kusoma Kurani lakini hawakufundishwa kuandika. Salme alichukua mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliotumika kama ubao wa shuleni, akaanza kunakili herufi kwa siri. Polepole akajua kuandika. Alidhani anajipatia faida ndogo tu. Baadaye ujuzi huo ulimwingiza katika matatizo makubwa, na baadaye zaidi ukamfanya akumbukwe.

Mwaka 1856 Sayyid Said alifariki dunia melini akirudi kutoka Oman. Salme alikuwa na miaka 12. Alitangazwa kuwa mtu mzima kisheria akapewa fungu lake la urithi, likiwamo shamba. Dola ya baba yao iligawanyika: Thuwaini akabaki na Oman, Majid akawa Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1859 mama yake naye akafa kwa kipindupindu. Katika umri wa miaka 15 Salme akawa yatima mwenye mali na jina kubwa, asiye na mzazi wa kumwongoza.

Ugomvi wa ndugu

Mwaka huohuo wa 1859 ndugu wa tumbo moja la baba waligawanyika. Barghash, aliyemfuata Majid kwa karibu katika kugombea kiti, alipanga kumpindua. Dada yao Khole, ambaye Salme alimpenda sana, alikuwa upande wa Barghash. Salme akamfuata Khole. Kwa kuwa aliweza kuandika, alifanywa karani wa waasi, akawaandikia barua za siri.

Uasi ulishindwa. Nyumba ya Barghash ilipozingirwa, dada zake walimtoa usiku akiwa amevalishwa nguo za kike, akakimbilia shamba moja la bara ya kisiwa. Majid aliomba msaada wa Waingereza, waasi wakavunjwa nguvu, na Barghash akapelekwa Bombay, India, alikokaa miaka miwili. Salme hakuadhibiwa. Alijitenga mashambani, kwanza Kizimbani, kisha Bububu karibu na bahari.

Baada ya muda Majid alimwomba Salme aiachie nyumba ya Bububu ili itumiwe na balozi mdogo wa Uingereza. Salme alikubali, akapatana na kaka yake. Lakini kupatana na mmoja kulimkosanisha na wengine. Khole na Barghash waliona amewasaliti. Aliporudi kuishi mjini Unguja, ndugu wengi hawakumtembelea tena. Mtu anayeelewa maisha ya ukoo mkubwa anajua maana yake: una ndugu kila mtaa, lakini mlangoni kwako habishi mtu.

Jirani kutoka Hamburg

Karibu na nyumba yake aliishi mfanyabiashara kijana wa Kijerumani, Rudolph Heinrich Ruete, aliyezaliwa Hamburg mwaka 1839. Nyumba za Mji Mkongwe zimebanana, na paa la mmoja hutazamana na baraza la mwingine. Wawili hao walifahamiana, wakazoeana, wakapendana. Ruete alijua Kiswahili, na lugha hiyo ndiyo iliyowaunganisha, kwa maana Salme hakujua Kijerumani.

Mwaka 1866 Salme akawa mjamzito.

Hapo mambo yalifikia pabaya. Kwa sheria ya Kiislamu, mwanamume Mwislamu anaweza kumwoa mwanamke Mkristo au Myahudi, lakini mwanamke Mwislamu haruhusiwi kuolewa na mwanamume asiye Mwislamu. Tena mimba ilikuwa nje ya ndoa, na aliyehusika ni binti wa Sayyid Said. Aibu ilikuwa ya ukoo mzima unaotawala, na Salme angeweza kuuawa. Waingereza na Wajerumani wa mjini nao waliogopa ghasia dhidi ya wageni wote.

Mke wa daktari Mwingereza aliyekaimu ubalozi, Bibi Emily Seward, alikuwa miongoni mwa waliomsaidia. Mwezi Agosti 1866 manowari ya Kiingereza, Highflyer, ilikuwa bandarini. Ulikuwa wakati wa Siku ya Mwaka, sherehe ambayo watu wa Unguja huenda pwani kuoga baharini. Wanawake walikuwa njiani usiku kuelekea ufukweni, na Salme akatoka kama mmoja wao. Mashua ilikuwa ikimngoja. Akapanda, meli ikang'oa nanga kwenda Aden.

Ruete alibaki nyuma kumaliza shughuli zake za biashara. Majid hakumdhuru.

Ndoa ya Aden

Aden ni mji wa bandari kusini mwa Uarabuni, na wakati ule ulikuwa chini ya Waingereza. Salme alipokelewa na mume na mke wa Kihispania aliofahamiana nao Unguja. Tarehe 7 Desemba 1866 alijifungua mtoto wa kiume, akaitwa Heinrich. Akaendelea kumngoja baba wa mtoto huku akifundishwa dini ya Kikristo.

Ruete alifika mwaka uliofuata. Tarehe 30 Mei 1867, katika kanisa la Waingereza, Salme alibatizwa kwa jina la Emily, na siku hiyohiyo wakafunga ndoa. Bila kukaa, wakapanda meli kuelekea Ulaya.

Tuitazame siku hiyo kwa macho ya watu wa kwao. Katika ndoa ya Kiislamu, bibi harusi huozeshwa na walii wake. Walii ni baba, na baba akiwa amekufa, jukumu huangukia ndugu wa kiume wa upande wa baba. Kwa Salme walii angekuwa mmoja wa kaka zake, pengine Majid mwenyewe, aliyemlea. Kungekuwa na mahari, wageni, hina, udi, na wanawake wa kasri wakimpamba kwa siku kadhaa. Aden hakukuwa na walii wala kungwi. Ibada iliongozwa kwa lugha ngeni, kwa dini aliyokuwa ameijua kwa miezi michache tu. Maandishi yake ya baadaye yanaonyesha kwamba hakupata mafundisho ya kutosha, na kwamba moyo wake ulibaki na msukosuko wa imani kwa miaka mingi.

Hakuna aliyewafungia ndugu zake mlango wa kanisa kwa kufuli. Hata hivyo hapakuwa na njia yoyote ya wao kuingia. Kwa upande wao, kuhudhuria kungekuwa kuukubali uasi wa dini. Kwa upande wake, kuwaalika kungekuwa kujipeleka kwenye hatari. Baada ya ibada ile, kwa ukoo wake Salme alikuwa sawa na mtu aliyekufa.

Msiba juu ya msiba

Mtoto Heinrich hakufika Ujerumani. Alifia Ufaransa wakiwa safarini, majira ya joto ya mwaka 1867.

Hamburg ilikuwa baridi, na kila kitu kilikuwa kigeni. Mwanamke aliyezoea kujifunika uso mbele ya wanaume sasa alitembea na kukaa nao mezani. Watu walimtazama kama kitu cha ajabu. Mume ndiye aliyekuwa jamaa yake pekee, na Kiswahili cha nyumbani mwao ndicho kilichombakishia Unguja. Walipata watoto watatu: Antonie mwaka 1868, Rudolph Said mwaka 1869, na Rosalie mwezi Aprili 1870. Mtoto wa kiume alipewa jina la babu yake, Sayyid Said, na wasichana nao walikuwa na majina ya pili ya Kiarabu.

Agosti 1870 Heinrich Ruete aligongwa na tramu ya kuvutwa na farasi, akafa kwa majeraha. Ndoa ilikuwa na miaka mitatu tu. Mtoto wa mwisho hakuwa ametimiza hata miezi mitano.

Hapa ndipo ilipoonekana gharama ya ndoa isiyo na ndugu. Mjane wa kwetu ana mahali pa kuanzia: wazazi, kaka, shemeji, ukoo utakaoitisha kikao. Huenda wakagombana, lakini watakuja. Emily Ruete alikuwa na miaka 26 hivi, na watoto watatu, katika nchi ambayo lugha yake bado alikuwa akijifunza. Fedha zilipungua. Alihama mji hadi mji akitafuta maisha nafuu, akapitia Dresden, Rudolstadt na Berlin. Alifundisha watu Kiarabu ili kupata riziki. Msichana aliyejiibia herufi kwenye mfupa wa ngamia sasa alikula kwa herufi zile.

Kaka asiyesamehe

Mwaka huohuo wa 1870, miezi miwili hivi baada ya msiba wa mumewe, Majid alifariki dunia Unguja. Aliyekalia kiti ni Barghash, yuleyule ambaye Salme alimwandikia barua za uasi akiwa na miaka 15, na ambaye baadaye alimhesabu kuwa msaliti.

Mwaka 1875 Barghash alizuru London akiwa mgeni wa serikali ya Uingereza. Salme alifunga safari kutoka Ujerumani ili akutane naye na kumwomba wapatane. Wakubwa wa Uingereza, waliotaka urafiki na Sultani kwa mambo yao, walimzuia. Alirudi bila kumwona kaka yake.

Kulikuwa pia na suala la mali. Tangu aondoke, ndugu zake kadhaa walikuwa wamekufa, na yeye aliamini ana fungu katika urithi wao. Jibu la Barghash lilisimama juu ya dini: kwa sheria ya Kiislamu asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu. Ubatizo wa Aden haukumtenga na ndugu kwa mapenzi tu. Ulimtoa katika hesabu ya warithi.

Alivyotumiwa na wakubwa

Mwaka 1884 Mjerumani Carl Peters alipita bara ya Tanganyika akiwafanya watemi na majumbe watie alama kwenye mikataba. Mwaka 1885 serikali ya Ujerumani ikaitambua mikataba hiyo, na Sultani Barghash akapinga. Kansela Bismarck akatuma manowari Unguja. Katika safari hiyo Salme naye aliletwa kwa meli ya Kijerumani pamoja na watoto wake.

Kwa Bismarck, mjane huyu alikuwa chombo kizuri. Alikuwa raia wa Ujerumani mwenye madai dhidi ya Sultani, na watoto wake walikuwa Wajerumani wenye damu ya kifalme. Kwake yeye, ilikuwa nafasi ya kurudi nyumbani baada ya miaka 19.

Agosti 1885 alikanyaga tena ardhi ya Unguja. Watu wa kawaida walijaa barabarani kumtazama na kumsalimu. Barghash alikataa kumwona. Chini ya vitisho vya manowari, Sultani alikubali matakwa ya Wajerumani juu ya bara. Walipokwisha kupata walichokitaka, madai ya Salme hayakuwa na maana tena kwao. Alirudi Ulaya mikono mitupu.

Msomaji wa Ngara na Biharamulo asidhani jambo hilo lilikuwa la pwani tu. Mlango uliofunguliwa mwaka ule ndio uliowafikisha Wajerumani mpaka kwetu. Boma la zamani la Biharamulo ni alama ya utawala uliotokana na siku zile.

Mwaka 1888 Barghash alikufa, na mdogo wake Khalifa akawa Sultani. Salme alikwenda Unguja kwa mara nyingine akitumaini Khalifa atakuwa na moyo mwingine. Hakupokelewa. Ndiyo ilikuwa mara yake ya mwisho kukiona kisiwa alichozaliwa.

Kitabu, na miaka ya mwisho

Mwaka 1886 alichapisha Berlin kitabu cha kumbukumbu za maisha yake kwa Kijerumani. Ndani yake alieleza kasri la Mtoni, malezi ya watoto, vyakula, sikukuu, magonjwa, ndoa na ugomvi wa ndugu zake. Ni miongoni mwa vitabu vya kwanza kabisa vya maisha binafsi vilivyoandikwa na mwanamke Mwarabu. Alitaka watoto wake wamjue mama yao alikotoka, na alitaka Wazungu waache kusema mambo wasiyoyajua kuhusu wanawake wa Mashariki. Aliacha pia maandishi mengine, yaliyotolewa miaka mingi baada ya kifo chake, yanayoeleza upweke wake Ujerumani.

Baada ya mwaka 1888 hakutaka kukaa Ujerumani tena. Aliishi Jaffa na Beirut kwa zaidi ya miaka 20, mahali ambapo angalau alisikia Kiarabu barabarani na adhana alfajiri. Mwaka 1914, vita vikuu vilipokaribia, alirudi kwa watoto wake Ujerumani. Mwanawe Rudolph Said alikuwa afisa wa jeshi la Ujerumani kabla ya kuacha kazi hiyo. Baadaye aliishi London, na mwaka 1929 alitoa kitabu juu ya maisha ya babu yake, Sayyid Said.

Emily Ruete, yaani Salme binti Said, alifariki dunia tarehe 29 Februari 1924 katika mji wa Jena, akiwa na miaka 79. Alizikwa Hamburg katika makaburi ya Ohlsdorf, kwenye eneo la ukoo wa mumewe. Inasimuliwa kwamba alikuwa ameuhifadhi mchanga wa pwani ya Unguja kwa miaka yote, na ukazikwa pamoja naye.

Leo harusi za mlango uliofungwa zikoje?

Tukirudi kwenye swali tulilolianza, yapo mambo ambayo wasikilizaji huuliza mara kwa mara.

Mfano unaojulikana zaidi duniani wa harusi isiyohudhuriwa na wasio waumini ni wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi huliita kanisa la Wamormoni. Lilianzishwa Marekani mwaka 1830 na Joseph Smith. Ibada zake za Jumapili ziko wazi kwa kila mtu. Hekalu ni jambo jingine. Humo huingia waumini tu, tena wale wenye kibali maalumu kinachotolewa na viongozi baada ya mahojiano kuhusu imani na mwenendo. Huko ndiko wanandoa huunganishwa kwa imani kwamba ndoa yao itadumu hata baada ya kifo. Mzazi asiye mwumini, au mwumini asiye na kibali, husubiri nje.

Kwa miaka mingi, katika nchi kama Marekani, waliotanguliza ndoa ya serikali ili ndugu wote waione walitakiwa kusubiri mwaka mzima kabla ya kuunganishwa hekaluni. Vijana wengi hawakutaka kusubiri, hivyo mama wengi walikaa nje siku ya harusi ya watoto wao. Katika nchi ambazo sheria inataka ndoa ifungwe hadharani, kama Uingereza, ndoa ya serikali ilitangulia na hekalu likafuata bila kungoja mwaka. Mei 2019 kanisa hilo liliondoa sharti la kusubiri duniani kote. Sasa wanandoa wanaweza kufunga ndoa mbele ya ndugu zao kisha wakaenda hekaluni. Jambo hili limetusogelea: hekalu la Nairobi liliwekwa wakfu Mei 2025.

Kanisa Katoliki halimzuii mtu kuingia kushuhudia ndoa, lakini Mkatoliki anayeoana na mtu wa dini nyingine anahitaji ruhusa ya askofu, inayoombwa kupitia paroko. Ni vizuri kumwona paroko mapema, kabla kadi za mwaliko hazijachapishwa.

Sheria ya nchi nayo inatoa njia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya kidini, ya kimila na ya kiserikali, ile tunayoiita ndoa ya bomani. Watu wa dini mbili tofauti wanaweza kufunga ndoa ya bomani bila yeyote kubadili dini. Taarifa ya kusudio la kufunga ndoa hutolewa siku 21 kabla, na siku yenyewe wanahitajika mashahidi wasiopungua wawili. Hakuna anayezuiwa kusimama pale kwa sababu ya imani yake. Zipo familia zinazoanza na ndoa hiyo ili wazazi wa pande zote washuhudie, kisha ibada ya dini ikafuata kwa wale wanaoruhusiwa.

Suala la urithi lizungumzwe mapema pia. Kanuni iliyomnyima Salme bado inafuatwa mirathi ya Mwislamu inapogawiwa kwa sheria ya Kiislamu: ndugu au mtoto asiye Mwislamu hahesabiwi kuwa mrithi. Mzazi anaweza kumwachia kitu kwa wosia, lakini kwa sheria hiyo wosia hauzidi theluthi moja ya mali. Wengine hutoa zawadi ya shamba au kiwanja wakiwa hai. Mambo haya yaandikwe, na mashahidi wawepo.

Kwa atakayefika Unguja, magofu ya kasri la Mtoni bado yapo kando ya bahari, na katika Makumbusho ya Kasri, pale Forodhani, kulitengwa chumba kwa ajili ya Bibi Salme. Picha zake ziliwekwa ndani ya nyumba ya ukoo uliokataa kumpokea alipokuwa hai.